Diwani Aliyenyimwa Maji na Moto

Lango la Diwani Machuki lilikuwa la mabati ya kijani, na kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, watu walikuwa wameshajipanga mbele yake kuanzia kwenye mlingoti wa simu hadi penye duka la Dahir. Ilikuwa Machi mwaka wa 1996, kusini mwa mto Migori, katika soko dogo lililoko kati ya Isebania na Kehancha. Mbele kabisa siku hiyo alikuwa mwanamke mwenye kuku wawili waliofungwa miguu. Aliyemfuata alikuwa mzee aliyetaka mwanawe aandikwe kazi ya kufagia soko. Wa tatu alikuwa Kwinto, Mrumi, aliyefariki yapata miaka elfu mbili iliyopita, akiwa amejizungushia shuka lake la sufu na kushika kikapu. Nyuma ya Kwinto alisimama Mwalimu Filister, ambaye alikuwa akitafuta uhamisho.

Kwinto alifika mwaka uliotangulia, wakati wa kuvuna mahindi. Okari, askari wa lango, alimuuliza anamtaka nani, naye akajibu kwamba anatafuta bwana. Bwana wake wa kwanza alikufa, na tangu hapo alikuwa akienda popote watu wanapopanga foleni alfajiri kumwamkia mkubwa. Alikuwa ameshapita miji mingi. Okari akamwonyesha mwisho wa foleni. Kiswahili alikiokota papo hapo langoni, pamoja na makosa yake yote, na kufikia Krismasi alikuwa akibishania bei ya omena kama mwenyeji.

Mwalimu Filister, mzaliwa wa Kosele, alifundisha historia katika shule ya sekondari iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyewaeleza watu kwamba huko Roma ya kale kila mtu mdogo alikuwa na bwana wake. Alimwamkia asubuhi, akatiliwa chakula kikapuni, kisha akamsindikiza mjini ili bwana aonekane ana watu. Watu walimsikiliza, wakaona hakuna jipya alilowaambia. Kwa Machuki pia ulipewa chai na vipande viwili vya mkate. Diwani alitoka na taulo shingoni, akasikiliza shida moja baada ya nyingine, akaahidi, na mwishowe wote wakamsindikiza kwa miguu hadi kwenye kinu chake cha unga, soko zima likiona. Mkono mtupu haulambwi, walisema, na mkono wa Machuki ulikuwa na mkate.

Lakini Kwinto alikuwa na neno lake ambalo hakuchoka kulirudia. Alisema mkate si kitu, mkate ni wa kutuliza tumbo tu wakati unangoja. Deni lenyewe lilikuwa lingine.

"Sisi tunampa miguu yetu," aliwaambia. "Yeye anatupa ulimi yake. Siku mtu yake ako mbele ya hakimu, bwana anasimama. Hata kama ni mgonjwa, anabebwa na kitanda, anasimama."

Watu waliitikia kwa vichwa na kuendelea kunywa chai. Walilichukua kama mtu anavyochukua mahubiri ya Sabato, kwamba ni maneno mazuri na ni kweli, na sukari iko wapi.

Asubuhi hiyo akaja Nyamoita. Alikuwa mjane kutoka upande wa Kisii aliyeuza ndizi pale sokoni, Muadventista asiyekosa Sabato, na mwaka wa 1992 ndiye aliyesimamia masufuria ya kampeni ya Machuki, akakoroga ugali wa watu mia kwa mwiko mrefu kama kafi. Foleni ilimpisha hadi mbele bila yeye kuomba. Kila mtu alijua kilichomleta, na kila mtu alikuwa na sababu ya kutomtazama usoni.

Mwanawe Motari alikuwa dereva wa lori la Machuki kwa miaka minne. Wiki iliyotangulia lori hilo lilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi likiwa limejaa sukari iliyovushwa kutoka ng'ambo ya mpaka bila ushuru. Machuki alipoulizwa alisema lori lake liliibwa, na mwizi ni huyo huyo aliyekutwa ameshika usukani. Motari akawekwa ndani. Sasa ukweli ni kwamba sukari ile ilipakiwa jioni, kinuni, na wanaume wa foleni wenyewe, Machuki akiwa amesimama kando akiwahimiza na kumwelekeza Motari njia ya kupita. Okari alibeba magunia mpaka shati likachanika begani. Mwalimu Filister aliona yote kutoka dirishani kwake, akisahihisha madaftari ya kidato cha tatu.

Machuki alitoka na taulo lake. Nyamoita hakulia. Alimwambia anataka kitu kimoja tu, kwamba siku ya kesi aende aseme alimtuma Motari. Machuki alimshika mkono wa kulia kwa mkono wake wa kulia, akaufunika na wa kushoto.

"Mama Motari, huyo ni kijana yangu," alisema. "Hiyo maneno nitamaliza mimi mwenyewe. Siku ya kesi nitasimama."

Kwinto aliutazama ule mkono kwa makini. Baadaye, njiani kuelekea kinuni, alimweleza Nyamoita kwamba kwao Uaminifu alikuwa mungu mwenye hekalu lake, na makuhani waliomtumikia walivifunga viganja vyao vya kulia kwa kitambaa cheupe, kwa sababu humo kiganjani ndimo alimokaa. Mtu akishatoa mkono huo, alisema, hakuna haja ya kuongeza neno. Nyamoita alimwamini. Usiku huo alilala usingizi wa kwanza tangu mwanawe akamatwe.

Siku ya kesi foleni nzima ilisafiri kwa pikapu ya diwani mwenyewe, yeye akiwa mbele kwa dereva. Alivaa tai. Alipoitwa alishika Biblia, akaapa, akaulizwa kama anamjua mshtakiwa. Alisema anamjua kidogo. Alikuwa kijana wa kuosha magari, alisema, akamwonea huruma kwa sababu ya mama yake mjane, akawa anamwachia ufunguo asogeze lori uani.

"Huruma ndiyo imeniponza," alimalizia, akafuta paji la uso kwa leso.

Motari, ndani ya kizimba, alimtazama mama yake. Hakimu aliuliza kama kuna shahidi mwingine yeyote. Nyamoita akageukia mabenchi ya nyuma. Mabenchi yalikuwa yamejaa watu walioipakia ile sukari kwa mabega yao. Okari aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Mwalimu," Nyamoita alisema, "wewe uliona."

Mwalimu Filister alifungua mkoba wake, akatazama ndani, akaufunga. Mama yake kule Kosele alikuwa amepooza upande mmoja, na Machuki alikuwa ameahidi uhamisho ungetoka mwezi wa Mei. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini aibu haijawahi kutoa ushahidi mahakamani.

Ndipo Kwinto aliposimama. Hakimu alimuuliza ana uhusiano gani na mshtakiwa. Alijibu kwamba yeye na mshtakiwa ni watu wa bwana mmoja. Hakimu akamwambia uhusiano huo hautambuliwi na sheria, na pia, kwa maneno yake mwenyewe, sukari ilipopakiwa yeye hakuwepo, kwa hiyo aketi. Kwinto akaketi, maana alizoea kuheshimu mahakama. Motari alifungwa miaka saba.

Nje, kwenye ngazi, Kwinto alimngoja Machuki. Alivuta pindo la shuka lake akajifunika kichwa, kama walivyofanya kwao mtu akiongea jambo la miungu.

"Machuki," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Umedanganya mtu yako mbele ya sheria. Kwetu hii iliandikwa kwa shaba na kila mtoto alikuwa anaijua kwa kichwa. Bwana akidanganya mtu yake, huyo si wa watu tena. Ni wa miungu. Usipewe moto. Usipewe maji."

"Nani ataninyima?" Machuki aliuliza.

"Hawa," Kwinto alisema, akiwaelekezea mkono watu wa foleni.

Watu wa foleni walikuwa wakipanda pikapu. Njiani Mwalimu Filister, labda kwa kuwa alihitaji kusema chochote kile, alisema kwamba vitabuni hizo ni adhabu mbili tofauti, ya kutolewa kwa miungu na ya kunyimwa moto na maji. Kwinto akamjibu kwamba yeye si kitabu.

Jioni hiyo Machuki aliingia jikoni kumuuliza mkewe Nyamusi kuna nini cha kula, na jiko likazima. Nyamusi aliwasha tena. Mume alipotoka liliwaka, aliporudi likazima. Alimimina maji kwenye beseni ili mumewe anawe, na maji yakapanda ukingo wa upande wa pili, yakamwagika sakafuni, yakatafuta mlango. Glasi ya maji iliyowekwa mezani ilijimwaga vivyo hivyo. Nyamusi alichukua kitambaa akapangusa, akasema labda beseni limetoboka.

Kesho yake aliitwa fundi wa bomba. Alifungua mfereji Machuki akiwa karibu, akaona hautoi kitu. Akamwomba asogee hadi kwenye mgomba, na maji yakatoka kwa nguvu. Fundi alisema bomba ni zima, tatizo ni mheshimiwa, akataka malipo yake. Mchungaji alikuja na kuomba kwa muda mrefu, kisha akashauri watu wasiligeuze jambo hilo kuwa siasa. Dahir mwenye duka alileta aina zote za viberiti alizokuwa nazo na hakuna kilichoshika. Soda haikumkataa Machuki. Maziwa nayo hayakumkataa. Kwinto alipoulizwa alisema sheria ilitaja maji na moto, haikutaja soda. Chai haikuwezekana kabisa, kwa sababu chai ni maji na moto pamoja.

Nyumba ikajipanga upya. Chakula kilipikwa nyuma ya duka la Dahir, kikaletwa kimefunikwa, akakila kikiwa kimepoa. Badala ya kuoga alipakwa mafuta na Okari, kisha akakwanguliwa kwa ubao mwembamba, na Kwinto alisema hata kwao wakubwa walisafishwa hivyo. Matangani aliombwa akae mbali kidogo, maana waliomkaribia hawakuweza kulia. Machozi yalirudi nyuma ya macho na kukaa humo. Wafiwa walilalamika mara ya kwanza. Mara ya pili walimwekea kiti chake peke yake, chini ya hema ya peke yake, na ikaonekana ni heshima.

Na foleni? Foleni ilitetereka kwa siku chache, na sababu ilikuwa chai. Watu walinung'unika kwamba wanaamka alfajiri na kunywa hewa. Machuki akaagiza chai iwe inapikwa kwa Dahir na inywewe yote kabla yeye hajatoka. Basi wakanywa, wakafuta midomo, diwani akatoka na taulo lake ambalo sasa halikuwa na kazi, wakamwamkia, wakamsindikiza. Mtu mmoja tu alitoka kwenye foleni, naye alikuwa ameshakufa. Kwinto alivuka barabara, akasimama upande wa pili na kikapu kitupu, akingoja wenzake wamfuate. Alingoja Aprili nzima.

Nyamoita hakungoja. Alipita nyumba kwa nyumba na kapu lake la ndizi kichwani, akiwaomba watu kitu kidogo sana. Hakuwaomba waende mahakamani, hilo lilikuwa limeshapita. Aliwaomba wasimwamkie Machuki. Wasimuuzie, wasimpikie, wasikae naye benchi moja, mpaka aende akaseme kweli kwa hakimu, na Motari atoke. Walimsikiliza kwa upole, walimkaribisha uji, na kila mlango ulikuwa na jibu lile lile.

"Mama Motari, si ameshanyimwa?" Okari alimwambia. "Kama maji yenyewe imekataa, sisi tuongeze nini?"

Nyamoita alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Kumchukia Machuki hakukumsumbua. Machuki alikuwa mwizi, na mwizi ana kazi yake. Waliomkera ni hawa wema, hawa wa uji, waliomwita dada na kumwombea mwanawe kila Jumamosi kwa jina, na kila Jumatatu wakaamka mapema kupanga foleni. Uhamisho wa Mwalimu Filister ulitoka Mei, kama ulivyoahidiwa. Aliondoka kwenda Kosele na masanduku mawili na godoro. Alipita kwa Nyamoita kumuaga, akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Mambo ya mto yalianza mvua za mwaka uliofuata. Chini ya soko, kwenye kivuko, palikuwa na lundo la mawe yaliyoletwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya daraja. Machuki aliliahidi daraja hilo akiwa amesimama juu ya mawe yenyewe. Sasa Aprili ya 1997 alikuwa na haraka ya kufika ng'ambo kwenye mkutano, mto umejaa, na dereva wa pikapu akisitasita. Diwani alishuka kwa hasira, akakanyaga ukingoni ili apime kina kwa fimbo, na mto ukamwepa. Ulijivuta juu na chini, kushoto na kulia, ukaacha njia pana ya kutosha ng'ombe wanne, tope lake kavu kama la Januari. Machuki alivuka. Waliokuwa naye walivuka pia, wakikaa karibu, maana alipokwenda njia ilikwenda naye. Kambare waliachwa wakirukaruka, na wanawake wakawaokota.

Alipofika upande wa pili aligeuka akautazama mto unaojifunga. Machuki hakuwa mjinga. Wiki iliyofuata, siku ya soko, alifika kivukoni asubuhi na kuanza kuvusha watu.

Hakutoza chochote. Ulitakiwa tu umsalimu kwanza, kwa sauti, na utaje cheo chake. Akavusha wenye tumbaku, wenye ng'ombe, wanafunzi, wajawazito waliokuwa wakienda kliniki, bibi harusi mmoja na matarumbeta yake. Watu walisema hakuna diwani aliyewahi kuwafanyia watu wake kazi kwa miguu yake mwenyewe kama huyu. Banda la kukaushia tumbaku liliposhika moto kwa mkulima Mniko, diwani alikimbizwa huko kwa baiskeli, na moto ukafa alipopita mlangoni. Mniko alilia kwa shukrani, baada ya diwani kuondoka. Wakristo walimkumbuka Musa. Dahir alisema kwa Waislamu pia Musa yumo, lakini alivyokumbuka yeye, Musa hakuwa na lori. Hakuna aliyecheka.

Mawe ya daraja yalichukuliwa Agosti yakajengea duka jipya la Machuki. Alieleza hadharani kwamba daraja lilikuwa la wakati ule watu hawana njia, na sasa njia ipo, ndiyo huyu amesimama mbele yao. Walipiga makofi. Kama kuna siku mto ulipaswa kubadili nia na kuwafunika wote, basi ilikuwa hiyo, lakini mto ulijua kazi yake moja tu na haukuongeza ya pili.

Halafu ikaja mvua ile ya mwisho wa mwaka, ambayo redioni waliiita El Nino na ambayo haikukatika. Mto ulipanda hadi kwenye mashamba. Njia ya kuzungukia kwenye daraja la barabara kuu ililiwa na maji. Desemba, uchaguzi ukiwa umebaki siku chache, mtu aliyetoka jela upande wa Homa Bay alimletea Nyamoita habari kwamba Motari ana homa ya matumbo, amelala chini wiki ya pili, hali chochote, na anamtaja mama yake. Alimshauri asikawie.

Nyamoita alijitayarisha alfajiri. Alichukua ndizi mbivu, blanketi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alikuwa amekanda dawa ya majani kwa maji akaitia chupani. Aliitazama chupa hiyo kwa muda, akaiacha mezani. Maziwa yangepita. Kwa hiyo alikuwa ameshajua kabla hajafunga mlango ni njia gani angefuata, na kujua huko kulimuuma kuliko njaa yoyote aliyowahi kulala nayo.

Kivukoni palikuwa na umati. Machuki alikuwa upande wa pili akimaliza kundi la kwanza, na mto kati yao ulikuwa mpana, mwekundu, ukibeba magogo na mzoga wa mbuzi. Kwinto alikuwa ameketi juu ya jiwe moja la daraja lililosahauliwa, kikapu kati ya miguu yake. Nyamoita alikaa kando yake. Alimwambia kwamba sheria yake ya shaba imekuwa baraka kwa Machuki. Alimuuliza kama huko kwao nako wakubwa waliolaaniwa walikuwa wakivusha watu mito.

Kwinto alitikisa kichwa.

"Mama Motari, kwetu maji haikukataa mtu hata siku moja," alisema. "Maji ilikuwa inapita tu. Ni watu walikuwa wanakataa. Jirani anafunika nyungu yake. Mwenye hoteli anazima jiko akimwona. Hakuna mtu anamwamkia, hata mtoto. Ndiyo huyo mkubwa mwenyewe anahama, anaenda kufa mbali. Hapa watu wameshindwa. Ndiyo maji imefanya kazi yao."

Nyamoita aligeuka. Aliwatazama watu waliokuwa wakijipanga pale ukingoni, kila mmoja akitafuta nafasi nzuri. Aliwajua wote. Alikuwa amewahi kumpikia kila mmoja wao.

"Wewe utavuka?" aliuliza.

"Siwezi kutembea na yeye. Lakini mimi nimekufa, mimi naweza kungoja," Kwinto alisema. "Wewe uko na mtoto."

Mto ukafunguka na Machuki akaja, mkavu kabisa, suruali yake imepigwa pasi kwa kuwekwa chini ya godoro. Alimwona Nyamoita. Umati ukasogea ili usikie. Haikuwa siri kwamba mama huyu alikuwa hajamwamkia tangu siku ile ya kesi, na uchaguzi ulikuwa Jumatatu.

"Mama Motari," Machuki alisema kwa upole, akinyoosha ule mkono wa kulia. "Hakuna ubaya. Pita na wengine."

Nyamoita alisimama. Alikiweka kibuyu sawa begani, akafunga lesso kiunoni. Alipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo, na mtu mmoja nyuma akamwambia aongeze, haisikiki.

"Habari ya asubuhi, Mheshimiwa," alisema Nyamoita, kwa sauti.

Watu walishangilia. Machuki alimshika mkono, akamweka ubavuni pake kabisa, mahali pa mtu wa heshima, wakashuka pamoja. Kuta za maji zilisimama pande zote mbili zikinguruma. Walipofika katikati, pale palipo na shimo ambalo miaka ile ya zamani lilichukua watu, hasira na uchungu vilimpanda Nyamoita kwa pamoja. Alitaka kulia kama hajawahi kulia tangu amzike mumewe. Machozi yalikuja hadi nyuma ya macho, yakamhisi mtu aliyekuwa amemshika mkono, yakarudi. Alitembea macho makavu, kichwa mbele, mkono wake ndani ya mkono wa Machuki.

Waliokuwa wakingoja ng'ambo walimwona akija hivyo. Okari, aliyekuwa ametangulia kuwapanga watu, ndiye aliyesema wa kwanza.

"Oneni mama," alisema. "Hata halii. Amesamehe."

Neno likapokewa, likapita mdomo kwa mdomo hadi juu kwenye barabara. Mwanamke mmoja alianza wimbo. Machuki alimwachia mkono Nyamoita, akampigapiga begani, akageuka kwenda kuchukua kundi lingine, na mto ukamfuata nyuma ukijifunga.

Machozi yalimpata Nyamoita juu kidogo ya kivuko, penye mti wa mwisho, diwani alipokuwa ameshafika mbali vya kutosha. Yalikuja mengi, ikambidi aweke kibuyu chini na kushika shina. Hapakuwa na mtu wa kuyaona. Wale walioshuhudia msamaha wake walikuwa wameshamfuata diwani kuvuka kwenda sokoni, wakisimulia. Alijifuta kwa ncha ya lesso, akachukua kibuyu chake, akashika njia ya kwenda jela.